Kulala si usingizi: maneno ya usiku katika lugha zetu za Kolwezi

Hapa Kolwezi mutu akichoka jioni anasema: «Minasikia busingizi.» Anasema vile akiwa Musanga ao Mulunda, Muchokwe ao Mukaonde, Muluba wa Katanga ao Muluba wa Kasai. Lakini akienda kijijini kusalimia nkambo wake, neno linageuka. Nkambo hasemi usingizi. Anasema tulo. Na watoto waliozaliwa mujini wanaangaliana, hawajui kama nkambo anazungumza juu ya chakula, dawa ao ugonjwa.

Katika kitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya mila ya ndoa, ya kilio na ya kutawaza machifu. Mimi nimechagua jambo dogo ambalo kila mutu analifanya kila siku bila kulifikiri: kulala. Ndugu musomaji, usicheke. Maneno ya usiku ni ya zamani sana, mengine yanapita umri wa falme zetu zote, na yanashuhudia undugu ambao mara moja tuliusahau hapa kwetu, na tulilipa bei kubwa.

Kulala ni kazi ya mutu, usingizi unakuja wenyewe

Tuanze na Kiswahili, sababu njo lugha ambamo siye wote tunakutana. Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo ambalo wengi wanaliona kuwa moja: kulala, ambalo ni kitenzi, na usingizi, ambalo ni jina. Watu wengi wanafikiri ni kitu kimoja. Sivyo.

Kulala ni kulaza mwili chini. Ni tena kupitisha usiku mahali fulani. Mutu akisema «baba alilala Tenke», hatuambii kama baba alisinzia ao hapana. Anatuambia usiku ulimukuta Tenke na akabaki kule. Toka hapo tunapata malazi, ni kusema mahali pa kulala. Mutu wa kijiji ukimuuliza urefu wa njia, anaweza kukujibu: «Utalala mara mbili.» Hapimi kilometa, anahesabu usiku. Tunasema pia mutu alilala njaa, na pale hakuna anayefikiri kwamba usingizi wake ulikuwa mutamu. Tunasema hata kazi inalala. Wazee wa Gécamines wanajua maana yake: mwaka wa 1986 kampuni ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba, katika Septemba 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka chini ya udongo, na karibu na mwaka wa 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka mpaka tani 30,000 hivi. Kazi ililala, na watu hawakulala.

Usingizi ni kitu kingine. Hatuufanyi, unatufikia. Angalia namna tunavyosema: «busingizi inanikamata», ao kwa Kiswahili cha vitabu, usingizi umemuchukua, usingizi umemupitia. Katika sentensi hizo mutu si mwenye kutenda, yeye ni mwenye kutendewa. Neno lenyewe ni jirani ya kitenzi kusinzia, na ndugu zake wako karibu nasi: kwa Kinyarwanda na Kirundi, gusinzira ni kushikwa na usingizi.

Ndiyo maana mutu anaweza kulala bila usingizi, na anaweza kuwa na usingizi bila kulala. Mugonjwa anayegeuka kitandani mpaka jogoo analia, huyo amelala lakini usingizi hakuupata. Mufanyakazi wa poste ya usiku, kichwa kinaanguka mbele ya mashine, huyo ana usingizi lakini hajalala. Muji kama wetu, wenye kuishi kwa sirena ya kazi toka mwaka wa 1937 ulipoanzishwa na Union Minière, unawajua watu hao wawili vizuri sana.

Neno tulo na jamaa yake kubwa

Sasa tuache Kiswahili kidogo, tuingie katika lugha za bankambo. Kwa Kiluba cha Katanga na Kisanga, usingizi ni tulo. Kwa Kibemba ni tulo, ao utulo. Kwa Kikaonde ni tulo. Kwa Kichokwe na Kiluvale ni tulo. Kwa Kilunda cha Wandembo, upande wa mupaka mpaka Mwinilunga kule Zambia, ni tulu. Kwa Tshiluba cha Kasai ni tulu.

Ukivuka mbali zaidi neno linakufuata. Malawi, kwa Kichewa, wanasema tulo. Uganda, kwa Kiganda, otulo. Wakikuyu wa Kenya wanasema toro. Kule mangaribi, karibu na bahari ya Atlantiki, Wakongo wanasema tolo. Hakuna mufalme aliyetawala toka mulango wa muto Kongo mpaka mulima Kenya ambaye angeweza kuwafundisha wote neno moja. Hakuna soko lililouza usingizi. Neno hili halikutembea kama kitambaa ao bunduki. Lilitembea ndani ya vinywa vya watu wenyewe, walipokuwa wakihama, kizazi kwa kizazi.

Kitenzi nacho ni vile vile. Kulala ni cha Kiswahili, cha Kiluba, cha Kisanga, cha Kikaonde, cha Kibemba, cha Lingala (kolala), na Wazulu wa Afrika ya Kusini wanasema ukulala. Kwa Tshiluba wanavuta sauti: kulaala. Ukifika Rwanda, l inakuwa r: kurara ni kupitisha usiku. Wakikuyu wanasema kũrara kwa maana ile ile, na Washona wa Zimbabwe kurara.

Wataalamu wa lugha hawatambui undugu kwa kufanana tu kwa sikio, sababu maneno mawili yanaweza kufanana kwa bahati. Wanatafuta sheria. Pale ambapo siye tunatia l, Mukikuyu anatia r, si katika neno moja tu bali katika mamia ya maneno. Kazi hiyo ilianza katika karne ya 19 na Wilhelm Bleek, ambaye alizipa lugha hizi jina la Bantu, ikaendelea na Mujeremani Carl Meinhof, na Mwingereza Malcolm Guthrie akaitolea vitabu vine vikubwa kati ya 1967 na 1971. Wao wanaonyesha kwamba kitenzi cha kwanza kilikuwa karibu na -daada, na jina la usingizi karibu na tudo. Ile d ya zamani njo ikawa l kwetu na r kwa wengine.

Guthrie alisema jambo moja ambalo linagusa inchi yetu. Alipohesabu maneno ya zamani yaliyobaki katika kila lugha, aliona Kiluba cha Katanga na Kibemba vimeyahifadhi kupita lugha nyingine. Akafikiri kwamba chimbuko la Wabantu lilikuwa hapa hapa, kusini ya msitu mukubwa. Leo wataalamu wengi hawamufuati. Pamoja na Mumarekani Joseph Greenberg wanaona chimbuko ni kule mupakani mwa Nigeria na Kameruni. Lakini hesabu yenyewe inatufundisha: bankambo wetu wa Lualaba walikuwa watunzaji wazuri wa maneno. Haifai siye tuwe wa kuyatupa.

Kuko tena kitu cha kufurahisha ndani ya neno tulo. Mwanzo wake ni tu-, na ile tu- ni ya vitu vidogo vidogo. Kiswahili cha pwani hakina tena ngeli ya ka- na tu-. Kinasema kitoto na vitoto. Lakini siye wa Katanga tunasema katoto, na wengi ni tutoto. Hatukufundishwa na mwalimu yeyote, tulirithi kwa lugha za mama zetu. Basi tulo linakaa katika nyumba moja na tutoto. Tuseme kwa mchezo: bazee waliweka usingizi kati ya tuvitu tudogo tusiohesabika, tunaokuja pole pole bila kubisha mulango.

Si lugha zetu zote zinatumia shina moja. Lingala, mbali na kolala, ina mpongi kwa usingizi. Wandembo wanasema kukama kwa kulala, Wachokwe kupomba, Waluvale kusavala. Hapo tunaona kwamba kitenzi kinaweza kubadilishwa na jirani wakati jina linabaki. Muchokwe anapomba, Mundembo anakama, Musanga analala, lakini kinachowashika wote watatu ni tulo ao tulu.

Usingizi ulifika Katanga namna gani

Kama tulo lilikuwa hapa toka zamani, neno usingizi lilitoka wapi? Lilikuja na Kiswahili, na Kiswahili kilikuja kwetu kwa milango miwili.

Mulango wa kwanza ni biashara. Katikati ya karne ya 19, Msiri alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, akajenga ufalme wa Bayeke kule Bunkeya. Shaba, pembe na watumwa vilitoka Bunkeya kuelekea bahari ya Hindi na bahari ya Atlantiki, na wafanyabiashara wa pwani walifika pale na lugha yao. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, wakati wa msafara wa Stairs. Lakini kwa wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya njia na soko tu. Mama alimulaza mutoto wake kwa lugha ya nyumba.

Mulango wa pili ni kazi, na huo njo ulikuwa mupana zaidi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Wafanyakazi wake wa kwanza wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ni kusema Zambia ya leo. Baadaye kampuni ikatafuta watu Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, na reli ya BCK, iliyounganisha Bukama na Ilebo mwaka wa 1928, ikarahisisha safari. Kuanzia miaka ile ile kampuni ilitaka mufanyakazi akae na bibi yake na watoto ndani ya kambi. Basi katika kambi moja nyumba ya Muluba wa Kasai ilipakana na ya Mubemba, na ya Mubemba ikapakana na ya Munyarwanda. Watoto walipocheza pamoja walihitaji lugha moja. Kiswahili kikaacha kuwa lugha ya soko, kikaingia chumbani. Toka hapo mutoto wa kambi alianza kulazwa kwa Kiswahili.

Lakini hatukukipokea kama nguo iliyokwisha kushonwa. Tulisema busingizi na bu- yetu, pale pwani wanasema usingizi. Pwani wanasema kuota ndoto. Siye wengi tunasema kulota, sababu Waluba wa pande zote mbili na Wabemba wanasema kulota, na kwao ile l haikuanguka. Mutu wa Dar es Salaam anaweza kutucheka kwamba tunaharibu. Kwa kweli katika neno hilo siye tumerudisha herufi ambayo pwani ilipoteza.

Kuko pia watu wanaosema kwamba Kiswahili ni Kiarabu tu. Wajaribu kuhesabu maneno ya usiku. Kwa Kiarabu usingizi ni naum. Kiswahili kiliazima kwa Waarabu alfajiri, saa na wakati, lakini usiku, kulala, usingizi, ndoto na kuamka ni maneno ya Kibantu.

Kwa Wafaransa na Wagiriki

Tuangalie sasa lugha ya shule zetu. Kifaransa nacho kinatenga mambo kama siye. Se coucher ni kujilaza, na neno hilo linatoka kwa Kilatini collocare, ni kusema kuweka kitu mahali pake. Dormir linatoka kwa dormire. Na sommeil linatoka kwa somniculus, ambalo ni umbo la kudogesha la somnus, usingizi. Kwa hiyo Mufaransa anaposema sommeil, kwa asili anasema «kausingizi». Hajui kwamba Musanga alikwisha kuuweka usingizi katika ngeli ya vitu vidogo. Si undugu wa lugha, ni bahati tu. Lakini inaonyesha kwamba watu wa mbali wanaweza kutazama kitu kimoja kwa jicho moja.

Somnus nalo lina jamaa yake kubwa, kama tulo letu. Ndugu zake ni hypnos la Wagiriki na svapna la Sanskrit, lugha ya zamani ya Uhindi. Shina lao wataalamu wanaliandika swep. Kwa sikio hazifanani: nani angedhani kwamba hypnose na insomnie ni watoto wa nkambo mumoja? Lakini sheria za sauti zinaonyesha vile, kama zinavyoonyesha kulala na kurara. Waingereza na Wajeremani walishika njia nyingine: sleep na schlafen zinatoka katika wazo la kulegea. Kwao, kwa asili, mwenye usingizi ni mutu aliyelegea.

Wagiriki walisema pia kwamba Hypnos, Usingizi, ni ndugu wa Thanatos, Kifo, na wote wawili ni watoto wa Usiku. Kutoka kwao lilikuja neno koimeterion, mahali pa kulala. Wakristo wa kwanza walilitumia kwa makaburi, sababu waliamini wafu wao wamelala tu wakingoja kuamshwa. Kilatini kikalichukua, na Kifaransa kikalifanya cimetière. Kila mara tunaposema tunaenda cimetière, tunasema bila kujua kwamba tunaenda kwenye malazi. Na Kiswahili, bila kumuuliza Mugiriki, kinamuombea marehemu alale mahali pema.

Ugonjwa uliopewa majina mawili

Kuna mahali ambapo tofauti kati ya kulala na usingizi si mchezo wa walimu. Ni ule ugonjwa ambao Kifaransa kinaita maladie du sommeil, ugonjwa wa usingizi. Kiswahili sanifu kinauita malale, kutoka kulala.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huu uliua watu wengi sana katika Kongo na kandokando ya ziwa Victoria kule Uganda. Mwaka wa 1903 shule ya dawa za inchi za joto ya Liverpool ilituma waganga Dutton, Todd na Christy katika Kongo ya Leopold II kuuchunguza. Dutton mwenyewe alikufa Kasongo mwaka wa 1905, kwa homa nyingine. Mwaka ule ule wa 1903, David Bruce alionyesha Uganda kwamba inzi wa tsetse njo anaupeleka. Katika Luapula na ziwa Moero ugonjwa ulifika vilevile, na upande wa Waingereza serikali iliwahamisha watu wa kandokando ya maji, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Jina la Kifaransa linadanganya kidogo. Mutu akilisikia anafikiri mugonjwa analala usingizi kupita kiasi. Waganga waliopima wameona kwamba jumla ya usingizi wake kwa mchana na usiku haizidi sana ile ya mutu mwenye afya. Kilichovunjika ni mpango wake. Usingizi unamukamata mchana, katikati ya mazungumzo, hata mkono ukiwa bado ndani ya sahani. Na usiku, wengine wakilala, yeye macho yako wazi. Basi malale ni jina la haki zaidi: linasema yale ambayo jamaa wanaona, kwamba mutu analala chini tu. Halisemi kwamba amepata usingizi, sababu usingizi wa kweli umemukimbia.

Tushukuru kwamba ugonjwa huo unashindwa. Mwaka wa 1998 karibu wagonjwa 40,000 walihesabiwa katika Afrika. Toka mwaka wa 2018 wanaohesabiwa kwa mwaka ni chini ya 1,000, na sehemu kubwa yao ni katika inchi yetu. Tangu miaka ile kuko pia dawa ya kumeza, fexinidazole, iliyojaribiwa hapa Kongo, na mugonjwa wengi hawahitaji tena kuwekwa siku nyingi kitandani na sindano.

Kuamkiana

Bankambo walijua kwamba usiku ni muto ambao kila mutu anauvuka peke yake. Ndiyo sababu asubuhi wanaulizana. «Mulilala muzuri?» njo neno la kwanza katika nyumba yenye heshima. Mutoto anamuuliza mama, mukwe anamuuliza mamakwe kwa mbali, macho chini. Mubemba anasema «Mwashibukeni», kutoka kitenzi cha kuamka. Na katika Kiswahili chenyewe, kusalimia kunaitwa kuamkia, salamu zinaitwa maamkizi, na yote mawili ni watoto wa kuamka. Ni kusema, kwa asili ya lugha, salamu ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mwenzako ameamka.

Tena salamu hiyo haiulizi «ulipata usingizi?» Inauliza «ulilala?» Usingizi hakuna mutu anayeweza kumupa mwenzake. Lakini malazi, mahali pa kulala bila hofu, hayo tunapeana siye kwa siye. Mwenye nyumba anampa mugeni, jirani anampa jirani kwa kutomutisha, serikali inawapa raia kwa amani. Kwa hiyo salamu ya asubuhi ni kama hesabu ndogo: je, jana tulipeana usiku ao tulinyang'anyana?

Usiku wa kwenye gare

Kuko wakati ambapo hesabu hiyo haikutoka vizuri, na mwandishi wa historia hapa kwetu hawezi kuuruka. Kuanzia miezi ya Agosti na Septemba 1992 kule Likasi, na Machi 1993 hapa Kolwezi, Wakasai walifukuzwa katika nyumba zao na kazi zao. Wengi wao walizaliwa hapa hapa, watoto na wajukuu wa wale walioletwa na Union Minière na BCK. Maelfu walikusanyika kwenye gare na katika shule, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambako wengine hawakupajua. Walingoja kwa majuma, wengine kwa miezi. Watu walikufa pale, wengine walikufa njiani, zaidi sana watoto.

Ukitaka kusema kilichotendeka pale kwa maneno ya usiku, ni hivi: watu walilala, lakini usingizi hawakuupata. Walilala juu ya mizigo yao, chini ya mvua ya Machi. Na walioko nje ya gare, wengi nao hawakuupata, sababu mutu akimutoa jirani yake nyumbani, usiku wake mwenyewe unaharibika. Kuna methali ya Kiswahili inayosema, usimuamushe aliyelala, utalala wewe.

Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wanaambiwa kwamba wao si wamoja, hawana kitu cha pamoja. Lakini kitu ambacho usiku ule wote walikikosa, mumoja alikiita tulo, mwingine alikiita tulu. Mumoja alisema kulala, mwingine kulaala. Herufi moja ya mwisho, sauti moja iliyovutwa: hiyo njo ilikuwa tofauti yao yote katika jambo hili.

Sisemi kwamba neno linaweza kuzuia fimbo. Ndugu wa tumbo moja wanapigana wakijua vizuri kwamba ni ndugu. Wala sisemi kwamba magumu ya kazi, ya vyeo na ya siasa ya miaka ile yalikuwa ya mchezo. Nasema tu kwamba yule anayesimama mbele ya watu na kuwaambia «hawa ni wageni kabisa, hatuna nao mzizi», huyo hasemi kweli. Mzizi uko, na uko mahali ambapo mutu hawezi kudanganya: katika neno analolisema macho yakiwa yanafumbika.

Kazi inayotubakia

Leo muji wetu umejaa tena watu. Toka mwaka wa 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Shaba na kobalti vinaleta vijana kutoka kila upande, na wachimbaji wa mikono wanalala watu wengi katika chumba kimoja, kila mumoja na lugha ya mama yake. Kama zamani katika makambi, Kiswahili kinawaunganisha, na ni vizuri. Lakini tulo linapungua. Ukiuliza darasa la watoto waliozaliwa mujini, mara nyingi wachache tu wanalijua, na hao ni wale wanaokaa na nkambo nyumbani. Busingizi tutabaki nalo. Tulo tukilipoteza, tutakuwa tumechoma cheti cha undugu wetu kwa mikono yetu wenyewe.

Basi naomba kila musomaji wa kitabu hiki afanye kazi ndogo, na walimu wenzangu waifanye pamoja na wanafunzi. Chukua kaye. Nenda kwa muzee wa nyumba yako, ao wa jirani wa kabila lingine, na umuulize mambo matano katika lugha yake: namna gani wanaita usingizi, namna gani wanasema kulala, namna gani kusinzia, namna gani kulota, na salamu gani wanapeana asubuhi. Andika kama anavyotamka, na uandike pembeni jina la lugha na la kijiji. Usisahihishe kwa Kiswahili. Kisha linganisha kurasa zako na za mwenzako wa kabila lingine. Kazi hii haiombi franka, na wazee wanaoweza kutujibu bado wako, lakini si kwa miaka mingi. Ukifika kwao asubuhi, usianze na maswali. Anza kwa kumuuliza kama alilala muzuri.